Ukumbi wa Karimjee: Nyumba ya Baraza Inayokumbukwa kwa Misiba

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mwananchi wa Dar es Salaam anaposikia katika taarifa ya habari jina la Viwanja vya Karimjee, jambo la kwanza linalomjia akilini ni msiba. Ni pale ambapo Machi 2019 wakazi wa Jiji walipanga foleni kumuaga Ruge Mutahaba, na miezi miwili baadaye wakarudi kumuaga Reginald Mengi. Februari 2024 msafara wa waombolezaji ukaingia tena katika lango lilelile kutoa heshima za mwisho kwa Waziri Mkuu wa zamani, Edward Lowassa. Ratiba za mazishi ya viongozi na watu mashuhuri zimekuwa zikitangaza eneo hilo mara nyingi kiasi kwamba vijana wengi hudhani lilijengwa kwa ajili hiyo.

Sivyo. Jengo hilo, lililopo katika Kata ya Kivukoni wilayani Ilala, jirani na Makumbusho ya Taifa na Bustani ya Mimea iliyoanzishwa zama za Wajerumani, lilijengwa ili watu waketi ndani yake na kuamua mambo. Ni ukumbi wa baraza. Humo ndimo lilimoketi Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika katika miaka yake ya mwisho, ndimo Bunge la nchi huru lilimofanyia kazi kwa miongo kadhaa, na ndimo madiwani wa Jiji la Dar es Salaam walimochagua meya, wakabishana na wakapitisha maamuzi. Bunge limekwisha kuhamia Dodoma. Halmashauri ya Jiji iliyoutumia ukumbi kwa miaka mingi ilivunjwa mwaka 2021. Jengo limebaki, na swali la matumizi yake linamhusu mwananchi wa kawaida kuliko anavyodhani, kwa sababu ni swali kuhusu mahali anapopaswa kusikilizwa.

Zawadi ya ukoo kwa mji

Dar es Salaam haikuanza kama mji wa mabaraza. Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuujenga katika miaka ya 1860, alijenga kasri, na kando yake nyumba ya wageni wake iliyokamilika mwaka 1867 hivi, ambayo mpaka leo imesimama katika Barabara ya Sokoine ikijulikana kama Boma la Kale. Wajerumani walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, waliongeza maboma, mahakama na nyumba za maofisa. Waingereza waliochukua mji mwaka 1916 waliendelea kuuendesha kwa maofisa wa kuteuliwa. Kwa takriban miaka 90 ya mwanzo, mji huu ulikuwa na majengo mengi ya kutolea amri na machache mno ya kujadiliana.

Hali ilianza kubadilika mwaka 1949, Dar es Salaam ilipopewa hadhi ya manispaa na kuwa na meya. Manispaa ilihitaji ukumbi, na ukumbi huo ulikuja katikati ya miaka ya 1950 kama zawadi ya ukoo wa Karimjee Jivanjee. Ukoo huo wa Mabohora wenye asili ya Kachi, India, ulianza biashara Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 na baadaye ukawa na mashamba makubwa ya mkonge Tanganyika. Wenye mali wa zama hizo walikuwa na desturi ya kuacha jina lao kwenye majengo ya umma. Mnazi Mmoja, kwa mfano, upo Ukumbi wa Arnautoglu, unaobeba jina la mfanyabiashara Mgiriki, na ambao wenyeji wameufupisha kwa ndimi zao kuwa Anatoglo.

Tofauti ni kwamba ukoo wa Karimjee ulitoa jengo na pia ukatoa mtu wa kuketi ndani yake. Abdulkarim Karimjee alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria kuanzia mwaka 1956, na aliendelea na kiti hicho hadi baada ya Uhuru, mwaka 1962. Si jambo la kawaida duniani kwa Spika kuongoza vikao ndani ya ukumbi wenye jina la familia yake. Aliyempokea kiti alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Kwa hiyo, katika kipindi cha miaka michache, kiti kimoja katika ukumbi mmoja kilikaliwa na mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara waliovuka bahari, kisha na mjukuu wa mtawala aliyekufa akikataa kutawaliwa. Historia ya Tanganyika huelezwa mara nyingi kwa maneno mengi zaidi ya hayo bila kusema zaidi ya hayo.

Miaka tisa mizito

Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, na kwa karibu miaka 20 halikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Lilipofika zama za Ukumbi wa Karimjee, Baraza lilikuwa tayari linabadilika kwa kasi. Uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, maarufu kama uchaguzi wa kura tatu, uliwaingiza humo wawakilishi waliochaguliwa, na wagombea wa TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda kwa kishindo.

Ni katika Baraza hilo ndipo Oktoba 22, 1959 Mwalimu Julius Nyerere alipotoa hotuba yake kuhusu kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro. Kila mwaka Mwenge wa Uhuru unapokimbizwa mikoani, wananchi huusikia ukitajwa pamoja na kilele cha mlima ambako uliwekwa usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961. Mara chache hutajwa kwamba wazo lenyewe lilitamkwa hadharani ndani ya kikao cha kutunga sheria, miongoni mwa wajumbe wa rangi zote, wakati mtawala wa kikoloni bado yupo. Mwenge ulianza kama hoja barazani kabla ya kuwa moto mlimani.

Machi 1961 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Iain Macleod, alikuja mwenyewe Dar es Salaam kwa mkutano wa katiba. Makoloni mengine ya Uingereza yalilazimika kupeleka wajumbe wao London kwa mazungumzo ya aina hiyo. Tanganyika ilifanyia yake nyumbani, katika Ukumbi wa Karimjee, na yakamalizika ndani ya siku chache. Uhuru ulipopatikana Desemba 9 mwaka huo, Dar es Salaam nayo ikapewa hadhi ya jiji siku iliyofuata. Nchi na mji vilipanda daraja ndani ya saa 24, na vyote viwili vilitumia ukumbi uleule.

Kisha ikaja Aprili 1964. Mwalimu Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Makubaliano ya Muungano mjini Zanzibar Aprili 22. Siku tatu baadaye, Aprili 25, Bunge la Tanganyika lilikutana na kuziridhia. Hati hizo zilibadilishwa rasmi Karimjee mwishoni mwa mwezi huo, na humo ndimo ilimotoka picha ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi ameiona: Mwalimu akichanganya udongo wa pande mbili za nchi. Watu huikumbuka picha na kusahau kikao. Ilhali kisheria ni kikao kilichoupa Muungano nguvu kwa upande wa Tanganyika. Udongo ulikuwa ishara ya jambo ambalo wawakilishi walikwisha kuliamua.

Meya mshairi na mji usio na baraza

Wakati Bunge likiketi hapo, mji wenyewe nao ulikuwa na maisha yake. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwanazuoni na mshairi ambaye wapenzi wa lugha wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi. Baadaye alikuwa Waziri wa Sheria, kabla ya kufariki dunia mwaka 1964 akiwa bado kijana. Kwamba mji wa bandari ulianza safari yake ya kujitawala chini ya mtu aliyejali mizani na vina ni jambo ambalo Dar es Salaam haijajivunia vya kutosha.

Safari hiyo, hata hivyo, haikunyooka. Mwaka 1972 Serikali ilianzisha mfumo wa Madaraka Mikoani, na mamlaka za serikali za mitaa zikaondolewa, kwanza za wilaya na kisha za miji. Kusudio lilikuwa kupeleka wataalamu na fedha karibu na wananchi vijijini. Matokeo yake mijini yalikuwa tofauti. Kazi za kila siku za mji, yaani kuzoa taka, kuzibua mifereji na kukagua masoko, zilikosa mwenyewe. Kipindupindu kilipozuka mwaka 1977 na 1978, udhaifu huo haukuweza kufichika tena, na mwaka 1978 sheria ya mpito ilirejesha halmashauri za miji. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikaweka msingi unaotumika hadi leo, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 1984 yakaziingiza mamlaka hizo katika Ibara ya 145 na 146. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo kwa serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo ni mafupi, na yaliandikwa na nchi iliyokwisha kuona gharama ya kuishi bila mabaraza.

Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ilivunjwa tena, safari hii kwa sababu ya hali mbaya ya huduma na uendeshaji, na mahali pake pakawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wa umri wa makamo bado wanaikumbuka Tume kwa barabara zilizozibwa mashimo na taka zilizoondolewa mitaani. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, kwa takriban miaka minne mkazi wa Dar es Salaam hakuwa na diwani wa kumwendea. Mwaka 2000 Tume ilimaliza kazi, na mji ukagawanywa katika manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji yenye kazi ya kuratibu. Baadaye ziliongezwa manispaa za Ubungo na Kigamboni.

Februari 24, 2021

Halmashauri ya Jiji iliyotokana na mpangilio huo haikuwa na eneo lake wala wapigakura wake. Wajumbe wake walitoka katika manispaa. Ilisimamia mambo yanayovuka mipaka ya manispaa moja, kama vile Kituo cha Mabasi Ubungo na dampo la Pugu Kinyamwezi, na kwa ajili hiyo ilipokea sehemu ya mapato. Kiti cha Meya wa Jiji kilikuwa cha heshima kubwa na ushindani mkali. Uchaguzi wa mwaka 2016 uliahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya kufanyika Machi 22 katika Ukumbi wa Karimjee, na kwa wiki kadhaa jina la ukumbi lilisikika kila siku katika vyombo vya habari, mara hii bila msiba.

Februari 24, 2021 Rais wa Awamu ya Tano, Dkt. John Pombe Magufuli, alipokuwa akizindua miradi ya Ubungo, likiwemo daraja la juu la Kijazi, alitangaza kuivunja Halmashauri hiyo na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji. Hoja ilikuwa wazi: chombo kisicho na eneo wala watu wake kilikuwa kikitumia fedha ambazo zingeweza kwenda moja kwa moja kwenye miradi. Tangu hapo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Ilala, yenye kata 36 na, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, wakazi 1,649,912.

Hapa pana jambo ambalo bado linawachanganya wananchi wengi, na taarifa za Serikali zenyewe hazijalifafanua vya kutosha. Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Anayeishi Mbagala yuko katika Manispaa ya Temeke. Anayeishi Mwananyamala yuko Kinondoni. Wote ni watu wa Dar es Salaam, lakini Baraza la Madiwani la Jiji la Dar es Salaam haliwahusu. Ombi la barabara ya mtaa wa Mbagala likipelekwa kwa Mkurugenzi wa Jiji, litarudishwa. Neno "Jiji" katika matangazo lina maana mbili, mji mzima kwa mazungumzo ya kawaida na theluthi yake kwa sheria, na mwananchi anayefuatilia haki yake anahitaji kujua ni maana ipi inayotumika.

Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliondoa ngazi moja na gharama zake. Hayakuondoa kazi iliyokuwa ikifanywa na ngazi hiyo. Mto Msimbazi haujui mpaka wa manispaa. Mafuriko ya Jangwani huanzia maeneo ya juu yaliyo chini ya halmashauri nyingine. Taka za manispaa moja huishia katika eneo la nyingine. Uratibu wa mambo hayo sasa unafanywa na Ofisi ya Mkuu wa Mkoa, pamoja na taasisi za kitaifa zilizo chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi, kwa mfano, unasimamiwa kupitia TARURA. Utaratibu huo una faida ya wataalamu na fedha za uhakika. Upungufu wake ni kwamba hakuna tena ukumbi mmoja ambamo wawakilishi wa kuchaguliwa wa mji mzima huketi pamoja na kuulizana maswali mbele ya wananchi. Hilo ndilo lililopotea Karimjee mwaka 2021, na si haki kulihesabu kuwa dogo.

Kinachofanyika ndani ya ukumbi

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kueleza kazi halisi ya Baraza la Madiwani, kwa kuwa wengi hulijua kwa jina tu. Baraza huundwa na diwani mmoja wa kuchaguliwa kutoka kila kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa eneo husika. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe kutoka miongoni mwao kwa miaka mitano. Naibu Meya hutumikia mwaka mmoja na anaweza kuchaguliwa tena. Mkurugenzi, ambaye ni mteule, ndiye katibu wa vikao. Mkutano wa kawaida hufanyika kila robo mwaka.

Kabla jambo halijafika barazani, hupitia njia ndefu. Wananchi hulianzisha katika mkutano wa mtaa. Kamati ya Maendeleo ya Kata, chini ya diwani, hulipima pamoja na maombi ya mitaa mingine. Wakuu wa idara wa halmashauri huliwekea makadirio. Kisha hupelekwa katika kamati ya kudumu inayohusika, iwe ya Fedha na Utawala, ya Mipango Miji na Mazingira, au ya Uchumi, Afya na Elimu, na mwisho barazani. Bajeti ya halmashauri ikipita hapo, huenda mkoani, TAMISEMI, hatimaye Bungeni Dodoma, na kuanza kutumika Julai 1. Mwananchi anayeuliza mwezi wa Mei kwa nini zahanati ya mtaa wake haimo kwenye bajeti amechelewa kwa miezi kadhaa. Mjadala wenyewe kwa kawaida hufanyika barazani mwanzoni mwa mwaka.

Mfano ulio hai ni mikopo ya asilimia 10. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, baada ya marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wa mikopo hiyo ulisitishwa mwaka 2023 baada ya kubainika kasoro katika usimamizi wake, vikiwemo vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, na ukaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Agizo lilitoka Serikali Kuu. Lakini majibu ya maswali ambayo mama wa kikundi cha ususi cha Buguruni anayataka, yaani mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi, zimetoka ngapi na zimerudi ngapi, yamo katika taarifa zinazowasilishwa mbele ya madiwani kila robo. Asiyehudhuria wala kumuuliza diwani wake atazipata kwa uvumi.

Na kuhudhuria kunaruhusiwa. Mikutano ya Baraza la Madiwani ni ya wazi kwa wananchi na vyombo vya habari, isipokuwa pale kanuni zinaporuhusu Baraza kujigeuza kamati kwa jambo mahususi. Mwananchi hana haki ya kuzungumza kikaoni, bali ana haki ya kuketi na kusikiliza jinsi diwani wake anavyosema au anavyonyamaza. Inasikitisha kwamba viwanja ambavyo vimewahi kupokea maelfu ya waombolezaji kwa siku moja, siku ya baraza hupokea wananchi wa kuhesabika kwa vidole.

Nani anaulinda ukuta?

Lipo pia suala la jengo lenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kwa kipimo hicho, hata Boma la Kale la Sultani Majid lilichelewa kwa miaka michache. Ukumbi wa miaka ya 1950 haukaribii kabisa. Majengo ya namna hii yanaweza kulindwa kwa njia nyingine, yaani kwa tamko la Waziri katika Gazeti la Serikali, na njia hiyo ilitumika mwaka 1995 kwa majengo kadhaa ya katikati ya Dar es Salaam. Hata hivyo orodha peke yake haikuokoa kila kitu. Jengo la Salamander katika Mtaa wa Samora, lililokuwa alama ya mji kwa vizazi, halipo tena. Mahali pake pamesimama ghorofa.

Boma la Kale linaonyesha njia nyingine. Lilinusurika kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1970, likatumika kwa ofisi za Jiji, na baada ya ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya likafunguliwa mwaka 2017 kama kituo cha urithi wa usanifu majengo, chini ya ushirikiano wa Jiji, Chama cha Wasanifu Majengo na wabia wa Kijerumani. Leo mwanafunzi anaweza kuingia na kuona jinsi mji ulivyokua. Karimjee haina maonyesho ya namna hiyo, ingawa matukio yaliyotokea ndani yake ni makubwa zaidi ya yale ya Boma. Mtalii anayetoka Makumbusho ya Taifa hupita kando ya ukuta wake bila kujua kwamba katiba ya nchi ilijadiliwa humo.

Si lazima ukumbi ugeuzwe makumbusho ili uhifadhiwe, na pengine isingefaa. Jengo la baraza hulindwa vizuri zaidi na baraza. Shughuli za kitaifa, makongamano na mazishi ya viongozi yanaweza kuendelea, kwani yote hayo ni sehemu ya heshima ambayo ukumbi umejijengea. Kinachohitajika ni mambo madogo yanayoweza kufanywa na mamlaka zilizopo bila fedha nyingi: bango langoni linaloeleza kilichotokea humo mwaka 1959, 1961 na 1964, ratiba ya vikao vya Baraza kutangazwa kwa namna ileile ratiba za kuaga miili zinavyotangazwa, na shule za sekondari za kata 36 kupewa zamu ya kuleta wanafunzi wao wakati madiwani wanaketi, popote watakapoketi. Mwanafunzi wa sekondari husoma serikali za mitaa kwa kukariri. Saa mbili za kumsikiliza diwani akimbana mkuu wa idara kuhusu mtaro usiokamilika zingemfundisha zaidi.

Kwa mwananchi ambaye hataki kusubiri hayo, njia ipo tayari. Tarehe za mikutano ya kawaida ya Baraza huulizwa kwa Mtendaji wa Kata au katika ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri husika, na matangazo yake hubandikwa katika mbao za halmashauri. Aliye katika Jiji aulizie Jiji. Aliye Temeke, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni aulizie manispaa yake. Siku ya kikao huingia, huketi na kusikiliza.